Madebe Mawili ya Bi Mwanakheri

Siku ambayo kila nyumba ya kijiji cha Juhudi ilitakiwa kupeleka debe moja la samadi bwawani, Bi Mwanakheri binti Kondo alipeleka mawili. La kwanza alilibeba asubuhi pamoja na wanawake wenzake, akiimba kuwashinda wote. La pili alilirudia peke yake jua likiwa utosini, akalimwaga pale penye kina, akaligonga debe kitakoni mpaka vumbi la mwisho likadondoka majini. Kisha akasimama ukingoni, mikono kiunoni, akatabasamu.

"Una moyo wa ujamaa wewe!" jirani yake Gaudiosa alimpigia kelele kutoka uani kwake. "Debe la pili la nini tena?"

"Nimezidisha baraka," akajibu.

Baraka! Msikieni mwanamke yule. Katika Kilosa nzima hapakuwa na mtu aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba samadi yote ile ingewaua samaki. Ilikuwa Novemba ya mwaka sabini na moja. Nchi ilikuwa inajiandaa kusherehekea miaka kumi ya Uhuru, na Bi Mwanakheri alikuwa anajiandaa kumwaibisha Mwenyekiti Damiano mbele ya wageni wake.

Msimhukumu kwanza. Sikilizeni alikotoka.

Bwawa lile lilikuwa nyuma ya nyumba yake, pembezoni mwa kitongoji cha Mabwerebwere, pale mfereji unaotoka Mto Mkondoa unapopinda kuelekea mashamba ya mpunga. Si bwawa la kutisha. Hatua ishirini urefu, kumi na mbili upana, na katikati maji yalimfika mtu mzima kifuani. Lakini lilichimbwa kwa jembe na koleo na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mume wake, Lupakisyo.

Lupakisyo alikuja kutoka Tukuyu akiwa kijana, kukata mkonge kwenye mashamba ya wazungu, kisha akaingia genge la reli. Alisilimu ili amwoe Mwanakheri, akapewa jina la Salumu, ila hakuna aliyelitumia hata siku moja. Mbele yake walimwita Lupakisyo, na akigeuka walimwita mtu wa kuja. Ndugu zake Mwanakheri, wenyeji wa bonde lile tangu enzi za mababu, walikuwa wakila pilau nyumbani kwake na kumsengenya kabla hawajanawa mikono. Fadhila za punda, mateke.

Uhuru ulipokuja, Lupakisyo alitema mate viganjani akasema, "Miaka kumi na mitano nimewachimbia wengine. Sasa nachimba changu." Akachimba kiangazi kizima na nusu ya kiangazi kilichofuata. Akirudi kutoka relini alikuwa havui hata viatu, anashika jembe. Udongo aliubeba mwenyewe kwa karai, na Mwanakheri naye akabeba kila alipomaliza kupika.

Na Damiano? Damiano alikuwa mwenzake wa genge, rafiki yake. Alikuwa akija jioni kukaa ukingoni na kupiga soga. Jembe hakulishika. Ukimwona Damiano ameshika kitu siku zile, basi ni kikombe cha togwa ya Mwanakheri.

Samaki walitoka Mikumi, kwa mzee mmoja aliyefuga perege. Lupakisyo alipanda nyuma ya lori na debe katikati ya miguu, na njia nzima alikuwa akichota maji ya debe kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, juu kabisa, ili yaingie hewa. Abiria wenzake walimcheka mpaka machozi. Perege arobaini walitoka Mikumi, kumi na tisa wakafika Kilosa wazima. Mmoja wao, jike, mkia wake ulikuwa umekatika kipande, Lupakisyo akampa jina la Kilema. Huyo ndiye aliyezaa kuliko wote.

Mtoto wa kuzaa wao hawakujaliwa. Walijaribu dawa za mitishamba na za hospitali, wakachoka. Lupakisyo alizoea kusema, akiwa amechovya miguu majini, "Mke wangu, usilie. Watu watapita hapa, watauliza bwawa la nani hili. Wataambiwa, la Lupakisyo. Inanitosha." Akifa mtu asiye na mtoto, nani atalitaja jina lake? Basi hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Jina lile lilikuwa limefukiwa ndani ya bwawa lile na hapakuwa na mahali pengine lilipobaki.

Kuchimba alichimba Lupakisyo, lakini maji yalimshinda. Mwaka wa kwanza tu yaligeuka kijani kama mlenda. Juu ukatanda ukoga mzito, chini nyuzi nyuzi zikanasa kwenye mawe, na asubuhi samaki walikuwa wakielea midomo wazi. Alitaka kulifukia. Mwanakheri ndiye aliyekataa. Alikumbuka shamba la baba yake, Mzee Kondo: kila baada ya kupura mpunga walitupa mabua kwenye shimo la maji, na maji ya shimo lile, ingawa yalikuwa na rangi ya chai, hayakuota ukoga hata siku moja. Akajaza mabua ya mpunga kwenye matenga mabovu, akatia mawe, akayazamisha pale mfereji unapoingilia, maji yanapotembea. Lupakisyo akamwangalia tu. Mwezi mmoja na nusu baadaye, walihesabu kokoto za chini.

Tangu hapo maji yakawa kazi yake Mwanakheri. Kila baada ya miezi mitatu alibadilisha mabua. Nyuzi za kijani alizizungushia kijiti chenye panda na kuzivuta kama mtu anayekunja uzi. Aliotesha yungiyungi upande wa magharibi ili jua la mchana lisiyapige maji yote. Alichimba kijifereji nyuma ya mabanda ya mbuzi, mvua ikinyesha uchafu upite pembeni. Samadi alitia konzi moja kwa wiki, basi. "Maji ni kama mtoto mchanga," alisema, "ukimshindilia chakula, anaugua." Hakuna aliyemuuliza anafanyaje, naye hakumwambia mtu. Watu waliona maji safi wakadhani ni kazi ya Mungu.

Mwaka sitini na nane Lupakisyo aliugua kifua, siku kumi hakumaliza. Mwaka sabini kikaanzishwa kijiji cha ujamaa, Damiano akachaguliwa mwenyekiti, na kwenye mkutano wakasema bwawa liwe la wote. Mwanakheri alisimama akasema, "Lichukueni. Marehemu mwenyewe angewapa." Na alisema kwa moyo mmoja, wallahi. Hakuwa bahili yule mwanamke. Aliendelea kulitunza kama kawaida na kugawa samaki kwa foleni.

Halafu ikaja Saba Saba ya mwaka sabini na moja.

Wageni walikuja kutoka wilayani, wakatandikiwa jamvi. Damiano akasimama ukingoni, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Bi Mwanakheri alikuwa amekaa safu ya tatu, kanga mpya begani, anasubiri kusikia jina la mumewe. Moyo ulikuwa unamdunda kama bibi harusi.

"Ndugu wageni," Damiano alisema, "bwawa hili nililichimba kwa mikono yangu hii miwili, Uhuru ulipokuja. Palikuwa na marehemu mmoja hapa, kibarua wangu, alinisaidia kubeba udongo."

Kibarua wangu! Watu wakapiga makofi. Waliojua ukweli walitazama chini, maana mwenyekiti ni mwenyekiti, na wasiojua walipiga makofi kuliko wote. Wiki ile ile kibao kikapigiliwa misumari kwenye nguzo, kinatazamana na mlango wa nyuma wa Bi Mwanakheri.

Sasa angalieni mambo ya dunia. Mama huyu alikuwa darasa la kisomo cha watu wazima, mwaka wa pili, bado anaunganisha herufi kwa kidole. Asubuhi moja alifungua mlango, akatazama kibao, midomo ikaanza kwenda yenyewe: BWA-WA LA MWE-NYE-KI-TI. Yalikuwa maneno ya kwanza maishani mwake kuyasoma bila mwalimu. Alikaa chini kizingitini akalia.

Jioni alijifunga kanga akaenda kwa Damiano.

"Shemeji," alimwambia, "ulikosea kusema. Urekebishe. Sitaki kingine."

Damiano alicheka, tena kicheko cha upole. "Aa, shemeji, siasa hiyo. Wilaya inataka kuona kiongozi wa mfano. Marehemu atazifanyia nini sifa? Kaburi halisomi kibao."

"Mimi nasoma," alisema Bi Mwanakheri.

Akaondoka. Njia nzima alikuwa akirudia neno lile, kaburi halisomi, kaburi halisomi, na alipofika nyumbani alikuwa amekwisha kata shauri. Hangemtukana. Hangeenda kwa mganga. Angemwachia Damiano bwawa lake.

Agosti alitoa matenga yote ya mabua, akayaanika, akayatumia kuwashia moto wa kupikia. Kijiti chenye panda akakivunja. Yungiyungi akazing'oa akawatupia mbuzi. Ilikuwa raha, nisiwafiche. Kila ua aliling'oa kwa mshindo, akisema chini chini, "Haya, la mwenyekiti. Na hili la mwenyekiti."

Septemba maji yakaanza kuwa mazito. Oktoba yakawa kijani. Na Damiano, badala ya kushtuka, akafurahi! Bwana samaki mmoja aliwahi kupita akasema kijani kidogo ndicho chakula cha perege, na samadi kidogo ndiyo huleta kijani. Damiano alishika kijani na samadi, lile neno kidogo likampita. Akaitisha mkutano.

"Tarehe tisa Desemba," alitangaza, "tutavua mbele ya wageni, na kila nyumba itapata samaki wawili wakubwa! Kwa hiyo Jumamosi, kila nyumba debe moja la samadi. Kidole kimoja hakivunji chawa!"

Nyumba zilikuwa sitini na nne. Hebu fikirini: Bi Mwanakheri alitia konzi moja kwa wiki. Lakini ndivyo tulivyokuwa miaka ile, jambo likiwa jema kwa mmoja tuliamini litakuwa jema mara sitini na nne tukilifanya wote pamoja, na aliyesita aliitwa mvivu au kupe.

Mzee mmoja nyuma akainua mkono. "Tumuulize Bi Mwanakheri. Yeye amekaa na bwawa hili miaka yote."

Macho yote yakamgeukia. Gaudiosa alikuwa amekaa ubavuni pake, na kitoto chake cha mwisho kati ya watano kimelala mapajani. Huyu Gaudiosa, mjane mwenzake, binti wa wakata mkonge, ndiye aliyemsaidia kumkanda Lupakisyo kwa maji homa ya mwisho ilipompanda, ndiye aliyelala naye chumba kimoja siku arobaini za msiba. Na Gaudiosa alikuwa ameshaanza kuhesabu wale samaki wawili. Bi Mwanakheri aliliona hilo usoni kwake. Angeweza kusema. Neno moja tu lingetosha.

"Mimi nijue nini?" alisema kwa sauti tamu. "Aliyechimba bwawa ndiye anayelijua. Tumsikilize mwenyekiti."

Damiano alikohoa, akatazama pembeni, akasema haya, Jumamosi. Na Jumamosi ndiyo ile ya madebe mawili.

Desemba ilipoingia, bwawa lilikuwa rojo. Ungeweza kuandika jina lako juu ya ukoga kwa fimbo na likakaa. Kulipopambazuka perege walikuwa wakijaa juu, midomo nje, wanapapia hewa: pa, pa, pa. Damiano akaja kuona, akapiga kelele, "Tazameni walivyo na njaa! Leteni pumba!" Gunia zima la pumba likamwagwa. Bi Mwanakheri alikuwa nyuma ya mlango wake, ameuma pindo la kanga asicheke. Kesho yake, gunia la pili. Alicheka siku mbili mama huyu, akala akashiba, akalala fofofo.

Tarehe tano perege wa kwanza wakaelea tumbo juu. Damiano akagonga mlango mapema, hana kalamu mfukoni.

"Shemeji, hodi."

"Karibu, mwenye bwawa."

Alikaa kwenye kigoda. Aligeuza kofia mikononi. "Samaki wanakufa. Wewe ulikuwa ukifanya jambo fulani. Niambie."

"Nitakwambia. Tena hatujachelewa. Ukifungua mfereji maji mapya yaingie usiku na mchana, tukazoa ukoga, pumba na samadi ukaacha, siku tatu watapona. Lakini kwanza, piga mbiu leo hii, watu wakusanyike, useme: bwawa hili alilichimba Lupakisyo. Maneno manne hayo. Kisha toa kibao."

Damiano alinyanyuka kama aliyeketi juu ya siafu. "Leo? Siku nne kabla ya wageni? Nijiite mwongo mimi, mbele ya kijiji, mbele ya wilaya? Thubutu! Na mfereji sifungui ng'o, utazoa rutuba yangu yote iende kwa watu. Wewe ni mwanamke mwenye kinyongo, shemeji. Unataka kunihadaa."

"Basi kaa na samaki wako."

Hivyo ndivyo wawili wale walivyoachana, kila mmoja na kiburi chake, na samaki katikati.

Mawingu yakaja, siku tatu jua halikuonekana, na aliyefuga samaki anajua maana yake: maji ya kijani bila jua hunyonya hewa yote. Asubuhi ya tarehe nane Bi Mwanakheri alitoka kwenda kuwacheka samaki wa Damiano. Pale kwenye mdomo wa mfereji, ambako maji machache yalikuwa yakipenya chini ya ubao, perege mmoja mkubwa alikuwa amejibanza, mkia umekatika kipande. Kilema. Bado yupo, miaka minane. Alikuwa akipapia lile tone la maji mapya kwa nguvu zake zote.

Bi Mwanakheri alipiga magoti. Akashika ubao wa mfereji kwa mikono miwili. Kuuinua tu. Nani angemzuia? Kijiji kilikuwa bado kimelala. Alimwona Lupakisyo juu ya lori, na kikombe chake, akimimina maji kutoka juu huku watu wakimcheka. Akaanza kuuvuta. Halafu akainua macho, na kibao kile pale, kimepakwa rangi upya kwa ajili ya sherehe. BWAWA LA MWENYEKITI. Safari hii alikisoma mara moja, bila kugawa silabi.

Akaachia ubao. "Si samaki wangu," alisema, akaingia ndani, akafunga mlango.

Tarehe tisa bwawa zima lilikuwa jeupe kwa matumbo. Uvundo ulifika mpaka barabarani. Watu walijaribu kuzoa kwa matenga kabla wageni hawajafika, ukoga ukawa unawakatikia mikononi, na gari likaingia wakiwa katikati ya kazi. Mgeni alishuka, akaweka leso puani. Watoto waliovalishwa sare za kuimba nyimbo za Uhuru walisimama wakitazama chakula chao kinavyooza. Gaudiosa alikuwa na sufuria kichwani. Alikuja nayo tangu asubuhi kuwahi foleni, na sasa hakujua aiweke wapi.

"Mwenyekiti," mgeni aliuliza, "ndilo hili bwawa la mfano?"

Damiano alitazama maji, akatazama watu, akamwona Bi Mwanakheri. Na mtu mwongo akibanwa haachi uongo, anautafutia mlango mwingine tu. Akanyoosha mgongo.

"Ndugu mgeni," alisema kwa sauti kubwa, "niseme ukweli. Bwawa hili si mimi niliyelichimba. Alilichimba Lupakisyo, mtu mmoja wa kuja, hakujua kazi. Alilichimba vibaya, halina pa kupumulia. Sisi tumerithi makosa ya marehemu." Na papo hapo akaenda akakishika kile kibao, akakitikisa, akaking'oa na misumari yake, akakitupa majanini.

Lo! Yametimia yote. Maneno manne, mbele ya kijiji, mbele ya wilaya, na kibao kimetoka. Kila alichokidai Bi Mwanakheri alipewa siku ile, kimeoza. Watu wakaanza kunong'ona, alaa, kumbe ni yule Lupakisyo, wenyeji walisema mapema yule hafai. Kaka yake mwenyewe, mtoto wa Mzee Kondo, alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua siku zote.

Bi Mwanakheri akikaa kimya, Damiano ameshinda na Lupakisyo amekufa mara ya pili, tena kwa aibu. Akisema, yamekwisha yeye. Alisogea mbele mpaka ukingoni, akafungua kanga kichwani akaifunga kiunoni.

"Amesema kweli nusu," alianza. "Alilichimba Lupakisyo. Kiangazi na nusu, peke yake, na huyu Damiano alikuwa amekaa pale, penye jiwe lile, anakunywa togwa yangu. Lakini bwawa halina kosa. Maji nilikuwa nikiyatunza mimi, miaka saba, kwa mabua ya mpunga na kwa mikono hii. Mabua niliyatoa mimi mwezi wa nane, kwa makusudi. Mliposhindilia samadi nilijua samaki watakufa, nikanyamaza. Nikaleta madebe mawili. Jana Kilema alikuwa hai pale, nilishika ubao wa mfereji, nikauacha. Samaki wenu nimewaua mimi. Mume wangu hakukosea kitu. Msimguse mume wangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha sufuria ya Gaudiosa ikaanguka chini kwa kishindo, maana alikuwa ameiachia mwenyewe.

"Na watoto wangu?" Gaudiosa alisema. "Wao walikukosea nini, Mwanakheri?"

Kisasi hakichagui sahani, humwagika kwenye mboga ya kila mtu.

Baraza lilikaa Jumatatu. Kwa sababu alikiri mwenyewe, na kwa sababu mgeni alikuwa ameuliza maswali magumu juu ya hotuba ya Saba Saba, hawakumpeleka popote. Walimpa adhabu ya kijiji: alizoe bwawa lote peke yake, tope na mizoga, mpaka udongo mgumu uonekane, na asisaidiwe na mtu. Damiano naye wakamwondoa uenyekiti kabla ya masika kwisha. Akahamia Mikumi, akafungua mgahawa wa chai pembeni ya barabara kuu, ambako madereva wa malori hawamjui mtu wala hawana haja. Nasikia huko anasema aliwahi kuchimba reli nzima.

Basi Bi Mwanakheri akazoa. Alitoboa ukingo maji yakatoka, akashuka kwenye tope mpaka magotini, na lile lile karai la Lupakisyo kichwani, lenye kiraka cha bati. Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Alipanda na kushuka ule ukingo kama alivyopanda na kushuka mumewe, na mahali fulani chini, tope lilipopungua, alikuta alama za jembe lake ukutani, bado zimesimama moja moja. Mizoga aliifukia chini ya mgomba. Kilema alimfukia peke yake. Siku hiyo hakula.

Watu walipita njiani kwenda mashambani na kurudi, na kila aliyepita alimtupia neno, maana kijiji kilikuwa kimenyimwa kitoweo na hasira ilikuwa bado mbichi. Wengine walitema mate. Kaka yake alipita na kugeuza uso. Wiki ya tatu akapita Gaudiosa, mtoto mgongoni, jembe begani. Hawakuwa wamesalimiana tangu siku ile. Gaudiosa alisimama ukingoni, akamtazama kule chini, mweusi kwa tope kutoka unywele hadi ukucha.

"Zoa!" alimfokea. "Zoa, Mwanakheri! Zoa uchafu wa bwawa la mumeo!"

Bi Mwanakheri akatua karai. Akanyoosha mgongo polepole, mkono kiunoni, akajifuta macho kwa kiwiko.

"La nani?" aliuliza. "Sema tena, Gaudiosa. Sema kwa sauti."